Dalali wa Shingoni

Shangazi yangu alikuwa na sauti isiyobisha hodi. Uwe sebuleni, uwe uani, uwe umejifungia bafuni na sabuni machoni, ilikukuta hapo hapo ulipo na kukueleza ulichokosea. Nilipopata kazi karibu na kwao nilikaa chumba chao cha nyuma, kwa hiyo najua ninachokisema. Akimwambia paka ashuke mezani, na mimi nilikuwa nashuka kitandani.

Sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi. Alianza kama mfagiaji kwenye ua wa mnada, ule wa kuuza vitu vilivyotumika: makabati, mafeni, magodoro, vyombo vya watu waliohama na vya watu waliohamishwa. Ua ulipakana na mashine ya kupasulia mbao. Mashine ikinguruma, dalali wa enzi hizo alibaki akichezesha midomo kama samaki. Siku moja alichoka, akaiweka nyundo chini, akaenda kunywa chai, na kitanda kikabaki mezani hakijauzwa wala hakijarudishwa. Shangazi, ufagio mkononi, akakimalizia. Inasemekana wapasua mbao walizima mashine wakidhani wanaitwa. Yule dalali hakurudi kutoka kwenye chai yake, na Shangazi akarithi nyundo, meza na jina jipya. Ua mzima ukamwita Mara ya Tatu, kwa sababu akishatamka maneno hayo na nyundo ikalia, hata uje na machozi, mali imeshaondoka.

Mashine ya mbao ilipozidi kelele aliongezea ishara za mkono, na wanunuzi wa kila siku walizisoma vizuri kuliko walivyosoma magazeti. Nitawataja wawili tu, maana ndio waliokuja kutuletea balaa. Mmoja aliitwa Kabati. Alikuwa muuza fanicha, mpana kama bidhaa zake, na hakuna kitu cha mbao au cha chuma alichokipita bila kukigonga kusikia kinaliaje. Wa pili ni Mzee Labda, ambaye alikuja kila siku ya mnada, akataja bei, kisha akasema labda, akarudi nyuma hatua moja. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa tishio kwa yeyote.

Nyumbani kulikuwa na mume wake, fundi saa, mtu mwembamba mwenye lenzi jichoni na maneno ya kuhesabika mdomoni. Sisi wapwa tulimwita Mjomba, na wanaojua nasaba watatusamehe. Ndoa yao ilikuwa na mgawanyo mzuri wa kazi: mmoja anasema, mwingine anasikia. Sikuwahi kumwona mtu aliyetulia kama Mjomba akiwa anakemewa kuhusu taulo.

Maradhi yalianza na kiu. Shangazi akaanza kwenda mnadani na jagi la maji, halafu majagi mawili. Maji yakiingia hutafuta pa kutokea, na yeye akaanza kukimbia chooni katikati ya kunadi. Alikuwa akisema mara ya kwanza, akisema mara ya pili, kisha anaweka nyundo chini na kuondoka kwa haraka ya mtu asiyetaka maswali. Wanunuzi walibaki wamesimama na bei zao hewani. Wengine walitumia nafasi hiyo kufikiri, jambo ambalo ni sumu kwa mnada wowote. Kwa haja ile nyingine hali ilikuwa kinyume: alikaa huko muda mrefu na kurudi bila habari njema.

Kisha akaanza kusahau. Aliuza feni moja kwa watu wawili, ikabidi wagawane zamu za joto. Aliuchukua mwavuli uliokuwa umeegemezwa kwenye meza, akaunadi kwa ufundi mkubwa, akausifia mpini, akausifia kitambaa. Mzee Labda akauona unafanana sana na wa kwake, akapandisha, wengine wakakaa kimya kwa mshangao, nyundo ikalia. Kilikuwa kitu cha kwanza alichowahi kununua pale. Alipofika nyumbani ndipo alipogundua kwa nini wa kwake haupo.

Haya yote tuliyacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Lakini akaanza kulia, na hapo kicheko kikapungua. Alililia birika. Alilishika mezani, akatazama lile shimo dogo la mdomo wake, akauliza umma wa wanunuzi ni nani atakayelijali kama mwenyewe wa kwanza alivyolijali, machozi yakamshuka. Watu walipandisha bei kwa huruma mpaka likauzwa ghali kuliko jiko. Mwenye ua alifurahi sana, akamwomba siku nyingine aanze na makochi.

Pamoja na hayo, mifupa ilimuuma. Mapaja, mbavu, mgongo, hata vidole vya miguu alivyokuwa amevisahau. Mama yangu, ambaye ni wifi yake, alisema ni uzee, na akapata jibu lililosikika mtaa wa tatu. Mjomba hakusema kitu. Aliwaza kwa mtindo wa ufundi wake, kwamba kitu kisipokwenda sawa kuna sehemu imekosa kulishwa, akaamua kwamba mfupa unaouma ni mfupa wenye njaa. Akaanza kumpa maziwa asubuhi, maziwa mchana, maziwa usiku. Akamnunulia vidonge vya kalsiamu. Akakusanya maganda ya mayai, akayachemsha, akayakausha, akayasaga kwa zana zake ndogo, huku amevaa lenzi jichoni ili pasibaki punje kubwa ya kumkwaruza koo. Sijawahi kuona ganda la yai likitunzwa vile. Shangazi alikunywa yote, na mifupa ikazidi kuuma.

Siku ya mkasa aliuza godoro. Akatamka mara ya tatu, akashusha nyundo kwa nguvu zake za kawaida, na kitu kikalia ambacho hakikuwa meza. Nyundo ilipona. Mkono ndio uliovunjika, juu kidogo ya kifundo. Mnunuzi, mtu muungwana, akamlaza juu ya godoro hilo hadi gari likapatikana, kisha akalidai godoro lake.

Hospitali wakamfunga plasta ngumu, lakini daktari wa mifupa hakuridhika. Mtu havunjiki mkono kwa kupiga meza, alisema, na kwenye eksirei mifupa ya mama huyu imefifia kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Akaagiza damu ipimwe. Kalsiamu kwenye damu ikakutwa juu, juu sana. Wakapima figo, wakakuta jiwe. Shangazi akauliza kama ni la thamani.

Ndipo tukapelekwa kwa daktari wa tezi. Alikuwa mama wa makamo mwenye subira, na chumba chake kilikuwa na viti viwili na mfano wa shingo uliotengenezwa kwa plastiki, ambao Mjomba aliutazama kwa heshima kwa sababu ulifunguka sehemu sehemu. Hapa mbele, daktari alieleza, kuna tezi ambayo wengi wanaijua, thairoidi. Nyuma yake zimejibanza nyingine nne, kila moja kama punje ya mchele, zinaitwa parathairoidi. Kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu, kwa sababu kikiyumba, moyo na misuli navyo vinayumba. Kalsiamu ikipungua, tezi zinatoa homoni. Homoni hiyo inaiambia mifupa itoe kidogo katika akiba yake, inaziambia figo zisiimwage, na inausaidia mwili kuvuna zaidi kutoka kwenye chakula. Damu ikitosheka, tezi zinanyamaza.

Kwa Shangazi, moja kati ya hizo nne ilikuwa imevimba. Haikuwa saratani, lakini ilikuwa imegoma kunyamaza. Damu ilijaa kalsiamu, tezi bado inaagiza iletwe. Mifupa ikatoa na kutoa hadi ikawa myepesi. Figo zikahangaika kuimwaga hiyo ziada, ndiyo ile kiu, na ndilo lile jiwe. Utumbo ukalegea. Ubongo nao ukawa mzito, ndiyo kusahau na ndiyo kulilia vyombo.

Shangazi alisikiliza yote bila kumkata daktari kauli, na mimi nikajua hali ni mbaya.

"Yaani humu shingoni kuna dalali," akasema mwishowe. "Ananadi mifupa yangu, na mimi mwenye mali sikuambiwa."

Daktari akakubali kwamba inaweza kusemwa hivyo. Shangazi akataka kujua mnunuzi ni nani. Akaambiwa hayupo, sehemu kubwa inaishia kwenye mkojo. Akasikitika kweli kweli, akasema basi hata kazi yenyewe hajui.

Mjomba alikuwa ametokwa na rangi. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayekiri mauaji, kuhusu maganda ya mayai. Daktari akamtuliza. Ugonjwa haukutokana na maziwa yake wala na mayai yake. Tezi hiyo ingefanya ufisadi wake hata kama angempa maji matupu. Maziwa ya kawaida anywe. Ila vidonge na unga wa maganda aviache, maana damu imejaa na hakuna haja ya kuongeza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Hata hivyo Mjomba alirudi nyumbani akakitupa kichupa chake cha unga kwa siri, na kwa siku kadhaa hakuweza kulitazama yai machoni.

Dawa yake ilikuwa upasuaji: kuitoa ile moja na kuziacha tatu zifanye kazi. Tungekubali siku hiyo hiyo, kama daktari wa upasuaji asingekuwa mkweli. Alisema kwamba karibu na tezi hizo unapita mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Ni mwembamba. Mara chache, si mara nyingi, mshipa huo huumia, na sauti ikabaki ya mikwaruzo, au ikapotea.

Shangazi akasimama, akachukua mkoba wake, akaaga. Barabarani alituambia kwamba mifupa kila mtu anayo, mpaka kuku, lakini sauti hiyo Mungu alimpa yeye. Tukambembeleza. Mama akambembeleza kwa simu na akakatiwa simu. Daktari wa tezi akamweleza kwamba akiiacha, mifupa itaendelea kuvunjika na figo zitachoka. Shangazi akajibu kwamba atanadi kwa mkono wa kushoto.

Na kweli alinadi kwa mkono wa kushoto, plasta ikiwa imening'inia shingoni. Nilikuwepo siku ile, na sitaki kuichekesha. Lilikuwa kabati la vyombo, zuri, na Kabati mwenyewe alikuwa amelitolea macho. Shangazi akasema mara ya kwanza. Akasema mara ya pili. Akainua nyundo, na hapo akasimama. Alitutazama. Ilikuwa wazi kwamba hajui kinachofuata. Ua wote ulijua, watu wanamwita kwa maneno hayo, na hakuna aliyethubutu kumwambia, ingekuwa kama kumvua nguo hadharani. Midomo ya watu ilikuwa inatengeneza maneno bila sauti. Mwisho Mzee Labda, akitazama viatu vyake, akayasema polepole. Shangazi akayarudia, akapiga nyundo, akaondoka mezani.

Jioni alimwambia Mjomba, "Sauti bila akili ni honi tu. Waambie wanikate."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alitoka na kutuambia ameitoa ile mbovu, kubwa kama kunde iliyoloweshwa, na kwamba ule mshipa wa sauti ameuona kwa macho yake, mzima. Lakini uhakika kamili, akasema, tutaupata mgonjwa akizungumza. Tukaenda wodini tukakaa tukingoja azungumze.

Hakuzungumza. Alizinduka, akatutazama mmoja mmoja, akafunga mdomo kama mtu aliyefunga duka. Nesi akamwomba aseme jina lake, akatazama dirisha. Daktari wa upasuaji akaja, akamwomba aseme "aaa". Akajifanya amelala, huku anakunywa maji kwa mrija. Wageni walianza kunong'ona kwamba sauti imekwenda. Mimi nilimjua shangazi yangu. Sauti hakuijaribu kabisa. Alikuwa anaogopa kuita na kukuta hakuna mtu nyumbani, na kadiri alivyochelewa ndivyo hofu ilivyoota mizizi. Nilimhurumia, nikamshikia mrija.

Aliwasiliana nasi kwa ishara za mnada. Shida ni kwamba Mjomba hakuzijua. Aliombwa maji, akaleta mto. Aliombwa mto, akamwita nesi. Aliombwa kuondoka, akamkumbatia. Na katika kimya kile Mjomba akaanza kuzungumza. Sijui maneno yale alikuwa ameyaweka wapi miaka yote. Alieleza springi zinavyochoka, alieleza mteja aliyeleta saa ikiwa na mende ndani, mende mzima na mwenye afya, alieleza walivyokutana yeye na Shangazi, akarudia kwa undani zaidi. Manesi wakamwita Redio. Shangazi alimsikiliza macho yamemtoka, na nadhani kama angekuwa na ujasiri wa kusema, angesema anyamaze.

Daktari wa tezi alikuwa ametuonya jambo moja, na alilisema mbele ya mgonjwa. Mifupa ya mama huyu imeibiwa kwa muda mrefu. Sasa mwizi ameondolewa, mifupa itaamka na njaa yake, itaifyonza kalsiamu kutoka kwenye damu mpaka damu yenyewe ipungukiwe, na zile tezi tatu zilizobaki zimekaa bila kazi kwa muda mrefu, bado zina usingizi. Akisikia ganzi kwenye midomo au vidole, au misuli ikimkaza, aseme papo hapo. Asingoje. Shangazi akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya siku ya tatu midomo yake ikaanza ganzi. Sisi hatukujua, alikuja kutuambia baadaye. Baada ya midomo zikafuata ncha za vidole, kama mchwa wanatembea ndani. Alijua maana yake, alikuwa ameonywa, na bado hakufungua mdomo. Alijisugua midomo kwa shuka na kujiambia itapita. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye mwenyewe alikuwa akiutumia msemo huo kila mtu mwingine alipougua.

Mchana, saa ya kutazama wagonjwa, wakaingia Kabati na Mzee Labda, wamevaa nguo safi na wamebeba machungwa. Walisimama miguuni pa kitanda bila kujua waanzie wapi. Mjomba akawakaribisha akaanza kuwaeleza habari za mende. Hapo ndipo mkono wa kushoto wa Shangazi ulipoinuka kutoka kwenye shuka. Kifundo kikajikunja, vidole vikanyooka na kubanana pamoja, dole gumba likaingia ndani, na mkono ukabaki hivyo hewani.

Mimi niliona mkono wa ajabu. Wenzangu wawili waliona kitu kingine kabisa. Kule kwenye ua, mashine ya mbao ikinguruma, mkono ulioinuliwa namna hiyo una maana moja tu: mali iko mezani, taja bei.

Nyuso zao zikang'aa. Mara ya Tatu amerudi, hana sauti lakini mnada anao. Kabati, kwa adabu ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, akauliza kwa sauti ya chini ni mali gani. Mkono ulikuwa umeelekea kwenye kile kijikabati cha chuma cha hospitali, kando ya kitanda. Akakigonga. Akakichungulia nyuma. Akataja bei. Mkono haukushuka, na mkono usioshuka maana yake haitoshi. Mzee Labda akapandisha. Kabati akapandisha. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, bibi mmoja aliyevunjika nyonga, akasema kama vinauzwa basi na yeye anataka, kwa kuwa cha kwake mlango wake haufungiki vizuri. Akapandisha kuliko wote.

Mjomba alikuwa anacheka kwa furaha. Alidhani mkewe anafanya mzaha, na mzaha ni dalili ya kupona. Mtu ambaye hakuwahi kununua hata kijiko mnadani akainua mkono, akataja bei, kwa mali ya serikali. Mkono wa kulia nao, uliokuwa ndani ya plasta, ukachomoza vidole vyake vikiwa vimebanana vile vile. Kabati akasema sasa anauza viwili viwili. Mzee Labda, jasho linamtoka, akafumba macho na kutamka neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kwake: "Nachukua."

Mimi tu ndiye niliyekuwa nautazama uso wa Shangazi. Hakuwa na mzaha. Alikuwa na hofu kubwa sana, midomo inamcheza, macho yanatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Nikafungua mdomo nimwite nesi, lakini aliniwahi.

"Siuzi kitu," akasema Shangazi. "Mikono imenikaza. Midomo ni ganzi tangu asubuhi. Mwiteni nesi, wapumbavu nyinyi, kabla hamjaninunua na mimi."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wodi ya pili sinia lilianguka. Daktari mmoja aliyekuwa mwisho wa korido alikuja mbio bila kuitwa, na nyuma yake mlinzi wa getini, ambaye alidhani kuna moto. Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na mikwaruzo pembeni, kama redio iliyokaa kabatini, lakini ilikuwa yake.

Wakatoa damu, wakamtundikia dripu, wakampitishia kalsiamu kwenye mshipa polepole huku mashine ikiutazama moyo. Tuliketi tukiviangalia vidole vikilegea, kimoja kimoja. Kabati na Mzee Labda walikuwa wamesimama ukutani kama watoto waliovunja kioo. Bibi wa nyonga aliuliza kama mnada umeahirishwa au umefutwa.

Daktari wa tezi alifika, akatazama majibu, akaagiza vidonge vya kalsiamu vya kutwa mara tatu, na maziwa kwa wingi. Mjomba akainua kidole. Akauliza kwa upole kama hospitali inaweza kukubaliana yenyewe kwa yenyewe, kwa sababu kalsiamu alikatazwa na daktari huyu huyu. Daktari akacheka, akamweleza tena: wakati ule mifupa ilikuwa inanyang'anywa na damu imejaa, sasa mifupa inakula, na damu ndiyo yenye njaa. Sasa alishe. Mjomba akanyoosha mgongo kama mtu aliyerudishiwa cheo.

Kisha daktari akamgeukia mgonjwa, akamuuliza kwa nini hakusema mapema, na asubuhi yote alikuwa anasikia ganzi.

Shangazi akaangalia shuka. "Niliogopa isije ikatoka ya mtu mwingine," akasema.

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Mjomba akasogeza kiti karibu na kitanda. Siku tatu nzima alikuwa amesema mengi kuliko miaka yote, na sasa maneno yakawa yamempungukia tena.

"Hata ingetoka ya chura," akasema, "ningejua ni wewe. Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote, mke wangu. Nyumbani kumekuwa kimya mpaka nasikia saa zote. Silali."

Shangazi alimtazama muda mrefu, macho yamemjaa maji, na safari hii hayakuwa ya kalsiamu. Kisha akaanza na shati lake, kwamba vifungo vimepishana tangu juu mpaka chini na yeye amepita nalo mbele za watu, akaingia kwenye mende na aibu ya kusimulia wageni habari za mende, akafika kwenye taulo. Sauti ilikwaruza, ikakatika, ikarudi. Mjomba akaegemea kiti, akafumba macho, na kabla Shangazi hajafika mwisho wa taulo alikuwa amelala.